Batli ya seva ya Kibokoni

Jumamosi, 1 Februari 2025

Naandika batli, kama manahodha walivyoandika, kwa sababu kazi hii ya kuzifikisha kanda za ami kwa jamaa walio mbali nimeshaianza mara mbili huko nyuma na mara zote nilibadilisha mambo bila kuyaweka mahali. Safari hii kila nitakachogusa kitaandikwa.

Ami yangu alikuwa fundi wa redio hapa Kibokoni, Mombasa. Duka lake lilikuwa baraza ya mtaa: ukishaswali alasiri unapita, unakunywa kahawa tungu, unaketi mpaka magharibi. Ami alikuwa na kinasa sauti na alipenda kuwarekodi waliopita. Mabaharia wa majahazi wakieleza safari za Maskati, wazee wakijibizana mashairi kwa Kimvita, mafundi wa milango ya kuchonga, maulidi za mtaani, harusi. Kanda 612, nyingi za dakika 60. Kwa miaka minne sasa mjukuu wake amekuwa akizipitisha moja moja kwenye kompyuta. Zimebaki 38 zilizoota ukungu, kwa kuwa unyevu wa pwani hauhurumii kanda.

Seva ni kompyuta ya mezani iliyo chini ya ngazi, ina mfumo wa uendeshaji wa Debian 12 na diski mbili za terabaiti 2 zinazobeba kitu kimoja, moja ikifa nyingine iendelee. Kila kanda ina nakala kubwa ya kuhifadhi na nakala ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ya kusikiliza. Juu yake kuna Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell mwaka 1992, na kwa hiyo ami hufungua folda ya kanda kwenye laptopu yake kama anayefungua saraka ya meza. Hapo nyumbani hakuna tatizo lolote.

Tatizo ni walio mbali. Jamaa wa Lamu, Unguja, Maskati na London wanaomba kanda, na mpaka leo tunawatumia kwa flashi, mkononi mwa msafiri. Ami anataka mtu abonyeze kiungo kwenye simu asikilize. Lakini mtandao wa nyumba hii unapokea vizuri na kutuma kwa shida: nimepima usiku nikapata megabiti 3 kwa sekunde za kutuma. Upande mmoja wa kanda ni megabaiti 29 hivi, na kila baiti ni biti nane. Kumpelekea mtu mmoja upande mmoja ni sekunde 77. Wakiwa watano pamoja wanagawana uzi huo huo mwembamba, na siku kiungo kitakapoingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp hawatakuwa watano.

Jumapili, 2 Februari

Tuliketi barazani baada ya chakula cha mchana, mimi, ami na mjukuu wake, tukachora.

Mjukuu alileta njia ya mkato: tuifungue Samba yenyewe kwa dunia, watu waingie kama tunavyoingia sisi. Nilimkatalia. Samba inazungumza kupitia poti 445, mlango wake kwenye mtandao, na poti hiyo haiachwi wazi kwenye intaneti. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita humo humo, kwenye mashine za Windows zilizokuwa bado na toleo la kwanza la itifaki ya SMB, lugha ile ile ya Samba, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kasoro ile ilikuwa ya Windows, si ya Samba, lakini siwezi kujaribu bahati kwa kanda ambazo hazipo mahali pengine popote duniani.

Tulichokubaliana: seva inabaki nyumbani. Naweka juu yake nginx ya kutoa faili kwa njia ya wavuti, kusoma tu, tena kwa anwani ya ndani peke yake. Hapo unatoka mfereji wa WireGuard, njia ya faragha ndani ya intaneti, mpaka mashine ndogo ya kukodi Nairobi yenye diski ya gigabaiti 40. Kule inakaa nginx ya pili, na kazi yake ni kuwa proksi, yaani mpokezi wa kati, yenye kache, yaani ghala la nakala. Msikilizaji wa kwanza wa kanda fulani anaivuta kutoka Kibokoni. Nakala inabaki Nairobi. Wa pili hadi wa mia wanahudumiwa Nairobi, na uzi wetu mwembamba unapumzika.

Mjukuu akauliza mbona Nairobi, na nyaya za baharini zinatua hapa kwetu. Ni kweli, SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka uliofuata. Lakini mashine ya bei tunayoiweza nimeipata Nairobi. Kutoka hapa kwenda na kurudi ni milisekunde 11. Za Ulaya ni rahisi zaidi, ila nilipopima zilinipa zaidi ya 150, na sikusahau Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika upande wa Afrika Kusini na mtandao wa Afrika Mashariki yote ukawa wa kuvuta kwa kamba. Nataka angalau jamaa wa Lamu na wa Mombasa wasikilize bila kuvuka bahari.

Kabla hatujainuka ami aliweka sharti. Kanda 74 ni za harusi za kina mama: vugo, kesha, nyimbo za ndani. "Mwanangu, hizo si za kila mtu. Watakaosikiza ni kina mama wa nyumba hii na wenye harusi zao." Nikamwambia tutaziwekea nywila. Akanitazama, hakusema kitu.

Jumatano, 5 Februari

Mfereji umesimama. Nyumba haina anwani yake yenyewe kwenye intaneti, imejificha nyuma ya anwani inayotumiwa na wateja wengi, kwa hiyo Nairobi haiwezi kutupigia. Sisi ndio tunaopiga. Niliweka `PersistentKeepalive = 25` ili kila sekunde 25 kipaketi kidogo kitoke Kibokoni na njia isijifunge. Ndani ya mfereji anwani ya Kibokoni ni 10.8.0.2, ya Nairobi 10.8.0.1. nginx ya nyumbani inasikiliza 10.8.0.2 poti 8080, si kwingine. Jikoni kunanuka mbaazi, nafunga mapema.

Jumamosi, 8 Februari

Kache ya kwanza, na mtego wa kwanza.

Niliandika kwamba majibu mazuri yakae siku 30, nikaongeza heda, mstari wa maelezo unaotangulia jibu, ya `X-Cache-Status` ili kila jibu liseme limetoka wapi. Ombi la kwanza likasema MISS (haimo kwenye kache), la pili HIT (imo), tena kwa kasi ya kufurahisha. Nikaenda Marikiti kununua vitu vya nyumbani, niliporudi nikaomba faili ile ile: MISS. Folda ya kache ilikuwa tupu.

Nilihangaika kwa saa nzima nikidhani diski imejaa au ruhusa za folda zimekosewa. Kumbe kuna saa mbili ndani ya nginx. `proxy_cache_valid` inasema nakala ni safi kwa muda gani. `inactive`, iliyo kwenye mstari wa `proxy_cache_path`, inasema nakala isiyoguswa na mtu itupwe baada ya muda gani, hata kama bado ni safi. Usipoiandika, inakuwa dakika 10. Kwa tovuti ya habari inafaa. Kwa kanda ambayo mtu wa Maskati ataisikiliza leo na wa London wiki ijayo, dakika 10 ni sawa na kutokuwa na kache. Nimeiweka siku 60.

Jumapili, 9 Februari

Leo nilikaa na jambo moja tu kutoka asubuhi: mtu anayeruka katikati ya kanda.

Jamaa wengi hawasikilizi kutoka mwanzo. Ami ana daftari lake, ameandika "kanda 417, upande A, dakika ya 22, habari za tufani", na watu wanataka dakika ya 22. Simu hapo inaomba sehemu ya faili, kuanzia baiti fulani. Lakini nginx yenye kache, kama faili haijaipata bado, huomba faili nzima kutoka kwetu, na msikilizaji anasubiri mpaka mto umfikie. Kwa uzi wetu dakika ya 22 ni kama sekunde 56 za kimya. Mtu anadhani kiungo kimekufa, anabonyeza tena.

Kubonyeza tena kunaleta balaa la pili. Nilikuwa nimewasha `proxy_cache_lock`, ambayo inafanya watu kumi wakiomba faili moja aende mmoja tu kuichukua na tisa wasubiri. Nzuri sana, ila wale tisa husubiri sekunde 5 tu kwa desturi yake; zikipita, kila mmoja anapelekwa Kibokoni mwenyewe, na anacholetewa hakihifadhiwi. Faili yetu inachukua sekunde 77. Kwa hiyo kufuli langu lilikuwa likifunguka kabla ya wakati kila mara, na uzi mwembamba ukabeba faili moja mara kumi.

Dawa ya yote mawili ni kuikata faili vipande. Moduli ya `slice` tayari imo kwenye nginx ya Debian, niliithibitisha kwa `nginx -V`. Kila kipande ni megabaiti 1, kinaombwa peke yake, kinahifadhiwa peke yake. Megabaiti 1 kwenye uzi wetu ni chini ya sekunde 3, ndani ya zile 5 za kufuli. Hata hivyo nimeongeza hadi 20, kwa kuwa wasikilizaji wawili wa kanda mbili tofauti wanapunguziana kasi.

Sehemu yenyewe ya mipangilio ya Nairobi sasa iko hivi:

```
proxy_cache_path /var/cache/kanda levels=1:2
    keys_zone=kanda:10m max_size=20g
    inactive=60d use_temp_path=off;

location / {
    slice                    1m;
    proxy_cache              kanda;
    proxy_cache_key          $uri$slice_range;
    proxy_set_header         Range $slice_range;
    proxy_http_version       1.1;
    proxy_cache_valid        200 206 30d;
    proxy_cache_lock         on;
    proxy_cache_lock_timeout 20s;
    proxy_pass               http://10.8.0.2:8080;
}
```

Hesabu ya vipande: upande wa dakika 30 unatoa vipande 28. Pande 1,224 zote zikiingia ni vipande 34,272. Kila megabaiti ya `keys_zone` inabeba funguo 8,000 hivi, ufunguo mmoja kwa kipande, kwa hiyo 10 zinatosha na nafasi inabaki. Diski ndiyo haitoshi kwa zote, zinahitaji gigabaiti 35 na nimetoa 20, lakini hilo halinisumbui: ikijaa, nginx inaondoa zile zilizokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Zinazopendwa zitabaki.

Nikajaribu kanda 417, dakika ya 22, faili isiyowahi kuombwa. Sauti ilitoka kabla sijahesabu nne. Ami alikuwa nyuma yangu. Akasema jina la nahodha anayezungumza, na jina la jahazi lake, kisha akakaa kimya mpaka kipande kikaisha.

Jumatano, 12 Februari

Majina ya faili. Mjukuu alikuwa akiandika majina marefu yenye nafasi na mabano, na kiungo kikitumwa kwa WhatsApp kinakatika penye nafasi ya kwanza. Sasa ni namba na upande tu, `0417-A.mp3`, na maelezo yote yako kwenye ukurasa wa orodha.

Orodha nayo ilikuwa inachelewa. Mjukuu anaweka kanda mpya, msikilizaji haioni, kwa sababu ukurasa wa orodha ulikuwa umehifadhiwa siku 30 kama kanda zenyewe. Anwani zinazoishia kwa mkwaju (/) sasa zina sehemu yao, muda wake dakika 1, bila kukatwa vipande.

Jambo moja zaidi, dogo kwa macho. Nilitaka simu za watu zisikae na nakala kwa zaidi ya saa moja, nikaiambia seva ya nyumbani itume `Cache-Control: max-age=3600`. Mara proksi nayo ikaanza kuhesabu saa moja, ikapuuza siku 30 zangu, kwani neno la seva ya asili lina nguvu kuliko `proxy_cache_valid`. Suluhisho ni `X-Accel-Expires: 2592000` kutoka nyumbani: nginx inaisikiliza hiyo kwanza, na haiipitishi kwa msikilizaji. Simu zinapata saa moja, Nairobi inapata siku 30.

Jumamosi, 15 Februari

Leo mikono ilinitetemeka, na nataka niliandike hili lote.

Kanda za kina mama nilizitia kwenye folda ndogo, `za-ndani`, nikaiwekea nywila kwenye nginx ya nyumbani. Nikafungua kwa simu yangu bila nywila: imekataa. Nikaweka nywila: vugo likalia. Nikaridhika. Kisha, kwa kutaka tu kuona kasi, nikamwomba mke wangu afungue kiungo kile kile kwa simu yake. Sikumpa nywila. Alibonyeza, na sauti za kina mama zikajaa chumba.

Aliizima haraka. Tukatazamana. Heda ilisema HIT.

Maelezo yake ni mepesi, na ndiyo yanayonitisha. Nywila ilikuwa inaulizwa Kibokoni. Mimi nilipoingia kwa haki, nakala ilipita Nairobi na Nairobi ikaiweka. Mke wangu alipokuja, ombi lake halikufika Kibokoni kabisa, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Ufunguo wa kache niliouandika mwenyewe una njia ya faili na kipande, hauna jina la mwombaji. Kwa proksi, mimi na mke wangu na mtu yeyote duniani ni mwombaji mmoja. Kanuni za HTTP zinaitaka kache inayotumiwa na wengi isihifadhi jibu la ombi lenye nywila bila ruhusa ya wazi. Nginx hailifanyi hilo peke yake, inakuachia wewe uandike.

Niliandika. `proxy_no_cache $http_authorization` na `proxy_cache_bypass $http_authorization`, nikafuta folda yote ya kache, nikajaribu tena kwa simu nne. Mwenye nywila anapata, asiye nayo anakataliwa. Mtu angeweza kusema yamekwisha hapo. Faili ilikuwa imetoka kwa simu mbili tu, zote za nyumba hii, na kiungo hakuna aliyekijua.

Lakini nilikwenda kwa ami baada ya isha nikamweleza kama ilivyokuwa, bila kupunguza. Kanda si zangu. Sauti si zangu. Wengine waliomo wameshatangulia mbele ya haki na hawawezi kuulizwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Siri ya mtungi aijuaye kata. Na hiyo kata yako ya Nairobi yachotea kila mtu. Mtungi wa kina mama isitiwe."

Jumapili, 16 Februari

Nimefanya alivyosema, nami naona ndiyo sahihi. Ile mistari miwili ya jana inafanya kazi leo. Siku mtu atakapoigusa mipangilio bila kuelewa, haitafanya, na hakuna kengele itakayolia.

Sasa kuna matawi mawili tofauti kwenye diski. `/srv/wazi` ndilo peke yake nginx ya nyumbani inalolijua. `/srv/ndani` lina mwenyewe mwingine na kundi jingine, na mtumiaji `www-data`, ambaye nginx hufanya kazi kwa jina lake, hana ruhusa hata ya kuorodhesha kilichomo. Nililijaribu kwa kuingia kama `www-data` na kuomba orodha: imekataliwa na mfumo wenyewe, chini ya nginx, chini ya nywila. Kisichotoka mlangoni Kibokoni hakina njia ya kukaa Nairobi.

Kanda za kina mama zitasikilizwa kwa Samba hapa nyumbani, na kwa flashi kwa wale ambao shangazi atawakubali. Shangazi ndiye mwenye orodha. Hajui proksi ni nini na hahitaji kujua. Anawajua watu wote 74 wenye harusi hizo na mama zao.

Jioni nimetoa kiungo kwa kundi la ukoo.

Jumatano, 19 Februari

Ujumbe kutoka Unguja: kanda 102 upande B inakatika. Mwingine kutoka Tudor: kanda 58, inakatika. Si mtandao wao, maana inakatika pale pale kila mara. Niliisikiliza 102 mwenyewe: dakika ya 8 na sekunde 44, kimya.

Nikaigawa. Megabaiti 1 kwa kilobiti 128 ni sekunde 65 na nusu za sauti. Mara nane ni dakika 8 na sekunde 44. Vipande nane vizima, cha tisa hakuna. Kwenye kumbukumbu za makosa Nairobi mstari ulikuwa unajirudia: `etag mismatch in slice response`.

Mjukuu alikuwa amehamisha `/srv/wazi` kwenda diski mpya siku ya Jumatatu, kwa kunakili kupitia Samba kutoka laptopu. Sauti hazikubadilika hata baiti moja. Tarehe za faili ndizo zilizobadilika. Na nginx inatengeneza ETag, ule muhuri wa faili, kutokana na saa ya faili ilipobadilishwa mara ya mwisho na ukubwa wake. Mtu aliyesikiliza dakika nane za kanda 102 kabla ya Jumatatu aliacha Nairobi vipande nane vyenye muhuri wa zamani. Aliyekuja baadaye alipewa hivyo vinane, kisha cha tisa kikaletwa kutoka nyumbani na muhuri mpya. nginx ikaona faili mbili zinataka kuunganishwa kuwa moja, ikakata.

Nakubaliana nayo kabisa. Kama ingekuwa kweli ni faili nyingine, tungempa mtu nusu ya hadithi ya nahodha mmoja na nusu ya mwingine, na asijue.

Nimefuta kache, nimemwonyesha mjukuu `rsync -a` ambayo inahifadhi tarehe, na tumeweka kanuni: faili iliyokwisha kutoka haibadilishwi. Ikipatikana nakala safi zaidi inapewa jina lake, `0102-B-2.mp3`, na orodha inaelekezwa huko. Mjukuu aliona haya. Nilimwambia yeye ndiye aliyepitisha kanda 574 kwa mkono na sisi wengine hatukuipitisha hata moja.

Jumamosi, 22 Februari

Umeme ulikatika mtaani baada ya magharibi. Joto la kaskazi, feni zimesimama, watu wote wakatoka barazani.

Seva imezima. Nikatoa simu kuona wasikilizaji wanapata nini. Kanda zilizoko Nairobi zililia kama kawaida. Ukurasa wa orodha, ambao nakala yake huisha baada ya dakika 1, ulikaa mweupe. Nilikuwa nimeandika `proxy_cache_use_stale error timeout updating` ili nakala iliyopitwa na wakati itolewe kukiwa na hitilafu nyumbani, kwa nini haitoki? Ilitoka, baada ya dakika nzima. Mfereji ukifa hausemi "nimekufa", unakaa kimya tu, na nginx husubiri sekunde 60 kabla ya kukata tamaa ya kuunganishwa. Nimeiweka `proxy_connect_timeout 3s`, na nimewasha `proxy_cache_background_update` ili mwenye kuomba apewe ya zamani papo hapo na mpya itafutwe nyuma yake. Yote haya nimeyaandika kwa simu, barazani, gizani.

Jirani alikuwa na simu yake, anasikiliza kanda 417 kwa bando. Ami alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Seva ya kanda hiyo ilikuwa imezima chini ya ngazi nyuma ya mgongo wake, na sauti ilikuwa inatoka Nairobi, ya mtu aliyeketi kwenye baraza hiyo hiyo akiyasema hayo hayo. Jirani akaongeza sauti. Watu wakasogea.

Umeme ulirudi saa nne kasoro. Seva haikuwaka yenyewe. Nimebadilisha mpangilio wa kwenye BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, ili iwake umeme unaporudi.

Jumanne, 25 Februari

Mama mmoja wa Lamu alimpigia ami asubuhi. Amesikiliza kanda 233 upande B. Kaka yake marehemu anazungumza humo, na baada ya dakika kumi anataja jambo la ndani ya nyumba yao. Hakukasirika. Aliomba tu lisiendelee kusikika. Ami hakuuliza ni jambo gani. Aliniita: "Ndoo, tuitoe sasa hizi."

Niliihamisha faili kwenda `/srv/ndani`. Kiungo kikaendelea kulia. HIT, HIT, HIT, na kingeendelea hivyo mpaka siku 30 ziishe.

nginx hii ya bure haina amri ya kufuta nakala moja. Lakini jina la kila nakala kwenye diski ni MD5 ya ufunguo wake, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na ufunguo huo, herufi ya mwisho ikiwa folda ya kwanza na mbili zinazoitangulia zikiwa folda ya pili. Kwa hiyo ufunguo wa `/0233-B.mp3bytes=0-1048575` unapigwa MD5, faili inapatikana, inafutwa; kisha kinachofuata, `bytes=1048576-2097151`, mpaka cha 28. Nimeandika skripti ndogo, unaipa namba ya kanda na inapita vyote. Imekuta 28, imefuta 28. Nikaomba kiungo kwa simu tatu mbalimbali: 404, yaani haipo.

Zilibaki simu za waliokwisha isikiliza. Nilimweleza ami kwamba zile tumezipa saa moja, baada ya hapo hazina haki ya kuitumia bila kuuliza, na zikiuliza zitaambiwa haipo. Lakini aliyeipakua akaiweka kwenye simu yake, huyo hatuna mkono wa kumfikia. Ami akataka nimpe orodha ya anwani zilizoichukua. Kumbukumbu zinaonyesha tatu. Moja ni ya mama mwenyewe, moja ni ya kwangu nilipokuwa najaribu, ya tatu ilichukua vipande vitatu tu, haikufika dakika ya kumi.

Saa tatu na robo usiku ami alimpigia akamwambia. Walizungumza kwa muda mrefu, zaidi kuhusu huyo kaka. Kanda yenyewe ami ameifunga kwenye bahasha na kuiandikia jina lake, itaondoka kesho asubuhi na basi la Lamu.